Mstari Uliopotea kwenye Karatasi ya Mwalimu Ireri

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa ya Krismasi, nami nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi pale Siakago, mwenye mwandiko mzuri na maringo ya kutosha. Naikumbuka vizuri siku ile, hadi vitambaa vilivyotandikwa mezani. Lakini ukiniuliza kwa nini nilifanya nililofanya, hapo nitababaika. Nimebabaika miaka yote hii. Nivumilie tu, nitaeleza ninavyoweza.

Tulikuwa wanne. Hatukulipwa na mtu, kila mmoja alikuwa na kazi yake, ila Jumamosi alasiri tulikutana katika ukumbi wa kanisa kupiga ala ambazo mmisionari mmoja alituachia alipokwenda kwao. Nyaga, karani wa ofisi ya kilimo, alipiga fidla ya kwanza, mimi ya pili. Kananu, muuguzi aliyetoka Meru, alipiga viola, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo. Na Mwalimu Ireri, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alipiga chelo, ile kubwa inayosimamishwa sakafuni katikati ya magoti. Ndiye aliyenifundisha kusoma nota nikiwa darasa la sita.

Kikundi cha namna hii hakina mtu wa kusimama mbele akipunga kijiti. Mnatazamana, mnavuta pumzi pamoja, mnaanza. Kila mmoja ana karatasi yenye sauti yake peke yake, ya mwenzake haioni. Ukipotea hakuna wa kumuuliza, unasikiliza tu mpaka ujue mko wapi. Sisi wengine wote tulisikiliza chelo.

Mwaka huo watu walikuwa wameanza kumsema Mwalimu Ireri. Mara mbili alisahau miwani, na mara moja alikuja mazoezini siku ya Ijumaa akakuta ukumbi umefungwa. Nyaga aliniambia, "Huyu mzee ameanza kusahau. Siku moja atatuaibisha mbele ya watu." Nami nikacheka. Sikuwa na ubaya naye, nilicheka kwa sababu Nyaga alikuwa anacheka.

Siku tatu kabla ya Krismasi tulifungua kabati la kanisa tukakuta mchwa wamekula karatasi za chelo. Za kwetu zilisalimika kwa kuwa tulikwenda nazo nyumbani. Kitabu kikubwa chenye sauti zote nne kilikuwa kwa pasta, hivyo kazi ikawa kunakili upya sauti ya Mwalimu Ireri kwa mkono. Hakuna aliyeuliza nani ataifanya.

"Wanjira ataandika," Mwalimu alisema akinielekezea mimi kidole, hana hata wasiwasi. "Huyu mkono yake haikosei."

Niliifanya kazi hiyo mchana, sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakipikwa na maharagwe, ikichemka kwenye jiko. Nilipokuwa katikati ya ukurasa, muthokoi ukafurika ukazima makaa. Nikaruka kuokoa chakula changu. Niliporudi mezani nilitafuta nota ya mwisho niliyokuwa nimeandika, nikaiona kitabuni, nikaendelea. Sikuona kwamba mistari miwili inayofuatana inaishia na nota zile zile. Nilikuwa nimeishia ule wa juu, nami nikaendelea kutoka mwisho wa ule wa chini, kwa hiyo ule wa chini nikauruka mzima. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo Mwalimu alipewa karatasi zake asubuhi ya Krismasi baada ya ibada.

Ukumbi ulijaa. Waliotoka Nairobi na Embu mjini walikuwa wamekuja nyumbani na watoto wao wenye viatu vipya, na akina mama wa kanisa walikuwa wamepika chai ya kutosha watu wote. Tulianza vizuri. Kisha tulipofika katikati ya wimbo wa pili, wimbo ambao kila mtu mle ndani aliujua, sakafu ikaondoka chini ya miguu yetu. Chelo ilikuwa mahali pengine. Nikafikiri ni mimi niliyepotea, nikaruka mbele kuitafuta. Kananu akaniona nimeruka, naye akaruka, lakini akaangukia kwingine. Nyaga akapiga mguu chini akiendelea na lake. Kwa muda kidogo tulikuwa watu wanne wanaopiga nyimbo nne, na mimi sikujua kulia kwangu wala kushoto.

Mwalimu Ireri akatazama karatasi. Akatutazama sisi. Akatazama karatasi tena, kisha akashusha upinde wa kupigia chelo ukakaa juu ya goti.

"Mwalimu, pumzika kidogo," Nyaga akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. Tukaanza wimbo upya watatu, bila chelo, na mzee yule akakaa katikati yetu mikono yake ikiwa haina kazi. Watu walipiga makofi ya huruma. Nilisikia mama mmoja akisema uzee ni kitu kibaya.

Kukusanya karatasi ilikuwa kazi yangu. Nilipokuwa nazikunja, kitabu cha pasta kikiwa wazi mezani, ndipo nilipoona. Kwenye karatasi ya chelo mstari mmoja mzima haukuwepo. Niliisoma mara mbili ile karatasi, kisha nikaitia mkobani nikaenda kunywa chai na wenzangu.

Hapo ndipo ninapobabaika, mwanangu. Nilikuwa na mdomo. Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka nilipo, ameshika kikombe ambacho hakukinywea. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake nikajiambia labda hata yeye alipotea kidogo, labda kosa ni letu wote. Nikaanza kuamini na kutoamini kwa wakati mmoja. Usiniulize mtu huwezaje, nami sijui.

Jumapili Mwalimu Ireri alirudisha chelo kanisani ikiwa ndani ya mfuko wake. Alimwambia pasta, "Kichwa yangu imechoka. Mpatie kijana." Nyaga akapanga twende Gachoka watatu, tulikokuwa tumealikwa kupiga siku ya Mwaka Mpya. Kisha Kananu, bila kujua ananipiga wapi, akaniambia Mwalimu amemwita mwanawe wa kwanza kutoka Embu amwonyeshe mipaka ya shamba kabla hajasahau iko wapi.

Sikumaliza kumsikiliza. Nilichukua ile karatasi, nikaomba kitabu kwa pasta, nikatembea hadi kwake. Nilimkuta ameketi uani na mke wake, mama akichagua pojo kwenye ungo. Nilimwekea kitabu na karatasi mapajani.

"Mwalimu," nikasema, "niliruka mstari. Muthokoi ulifurika nikiandika."

Akavaa miwani. Akaweka kidole kwenye karatasi yangu na kidole kingine kwenye kitabu, akafuata polepole huku akiimba kwa sauti ya chini. Alipofika pale, kidole kimoja kilisimama, kingine kikaendelea peke yake. Mke wake aliacha kuchagua pojo.

"Kwa hivyo kichwa yangu ni mzima?" akauliza.

"Ni mzima, Mwalimu."

Alivua miwani akajipangusa macho kwa kiganja. Kisha akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Aliikunja karatasi yangu mara mbili, polepole. Heri angenichapa. "Wanjira," akasema, "masikio yangu iliniambia iko makosa. Mimi nilisikia. Lakini nilijiambia, hii ni karatasi ya Wanjira, Wanjira hakosei, ni mimi nimeharibika. Siku sita nimelala na hiyo. Kuruka mstari ni muthokoi imefurika, hata mimi ningeruka. Lakini hizi siku sita ulinipatia wewe mwenyewe, na akili yako ikiwa timamu."

Nililia pale uani kama mtoto. Mama akanisogezea kigoda, Mwalimu akaniacha nilie. Kisha akasema nitakwenda Gachoka, na yeye atakwenda, na kabla hatujapiga nitasimama niwaambie watu. "Nilianguka mbele ya watu," akasema. "Si vizuri kuniinua hapa kwa siri."

Siku ya Mwaka Mpya nikasimama. Sijui wale watu wa Gachoka walielewa nini. Nilieleza mchwa, muthokoi na mstari, na mzee mmoja wa mbele akamuuliza jirani yake huyu msichana anauza nini. Wengine walipiga makofi kwa adabu. Lakini waliokuwa wametoka Siakago walielewa, na Nyaga aliinama akawa anakaza nyuzi ambazo hazikuwa zimelegea. Tukavuta pumzi, tukaanza. Tulipofika kwenye ule mstari, Mwalimu Ireri alinitazama juu ya miwani yake, akaupiga wote, kwa nguvu kuliko ulivyoandikwa.

Sasa sikia ninalokuambia, wewe unayeandika, unayenakili, unayepewa kazi na watu kwa sababu mkono wako unasifiwa. Utakosea. Kazi ukiimaliza mpe mwingine aisome pamoja nawe, mimi hufanya hivyo hadi leo, hata nikiandika barua ya kanisa. Na ukijua umekosea, sema kabla chai haijapoa, hata kama sauti inatetemeka na hujui uanzie wapi. Maana kuna mtu mahali fulani anayekuamini kuliko anavyoyaamini masikio yake, na ukinyamaza ataanza kujishuku mwenyewe. Usimfanyie mtu hivyo, zaidi sana mzee.

Mungu akulinde mkono, mwanangu, na mdomo wako aufungue mapema. Na siku utakayopotea katikati ya wimbo, akuweke karibu na watu watakaokungoja urudi, kama nilivyongojwa mimi.