Vitu Alivyovua Elihuruma

Elihuruma wa Tengeru anaogopa maji, na kazi yake ni kuzama majini. Wanaomwita kuzibua mabomba kwenye mabwawa ya mashamba ya maua hawalijui hilo. Wanamwona mtu mfupi, mwenye kifua kipana, asiyesema neno kabla ya kazi, wakadhani ametulia. Hajatulia. Anajua tu kwamba akifungua mdomo, meno yatagongana na watu watasikia.

Kazi yenyewe aliiokota. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Pangani akijaza hewa mitungi ya watalii wazamiaji na kuibeba hadi kwenye boti, na kwa kutazama akajifunza kuzama. Cheti hana, mwalimu wake yalikuwa macho yake mwenyewe. Baba yake alipofariki alirudi nyumbani kuangalia migomba, akiwa na jaketi la kujaza hewa, mitungi miwili, na mkanda uliopangwa vipande vya madini ya risasi, mazito, vya kumshusha chini. Vyote vilikuwa vikuukuu, zawadi ya kuagwa. Kutoka Usa River mpaka Engutoto hakukuwa na mzamiaji mwingine, basi wakaanza kumwita.

Tangu hapo kila hofu iliyompata ilimnunulia kifaa. Tochi ilimzimikia bwawani siku moja, akawa nazo tatu. Wavu wa zamani ulimgusa mguu, akajifunga visu viwili. Akaongeza kimtungi cha akiba, akaongeza filimbi, akavaa suti ya pili juu ya ya kwanza kwa sababu maji ya mlima yana baridi ya kuuma mifupa, na kwa kuwa suti mbili zinaelea, akaongeza risasi. Alinunua hata kioo cha kumulikia meli zipitazo mbali. Meli, Tengeru! Mkewe Anneth, anayeuza mayai sokoni, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauona uso wa mumewe, akanyamaza.

Kazi ya Anneth ilikuwa kamba. Ncha moja Elihuruma alijifunga kiunoni, nyingine alimwachia mkewe aifunge kwenye mti ukingoni. Akivuta mara moja, maana yake yuko salama. Akivuta mara nne, avutwe. Anneth hajui kuogelea na hajawahi kutaka kujua. Alikuwa anasimama pale na kanga yake, anatazama mapovu ya hewa, na hakumwambia mtu yeyote anavyojisikia.

Mwezi wa pili, mwaka jana, wanafunzi walidondosha mashine yao ya kupimia maji katika ziwa Duluti, na Elihuruma akaitwa. Bibi yake alikuwa akimwambia tangu utotoni kwamba lile ziwa halina mwisho na linavuta. Alijitia moyo, akaingia. Hakuzama, alianguka. Maji yalimpokea na kumpeleka chini kwa kasi ambayo hakuwahi kuijua Pangani, masikio yakapiga kelele, mwanga ukageuka kijani, kisha kahawia, kisha ukaisha. Akashika tochi, ikanasa kwenye mpira wa kimtungi. Akashika kisu, kikamponyoka. Kitu kikamkamata begani: lilikuwa tawi la mti uliozama, limenasa kwenye moja ya vile vikorokoro vyake, lakini yeye hakujua hivyo. Alijua ni lile ziwa la bibi, linamvuta. Alipiga mateke, akavuta kamba mara nne, mara nane, akapoteza hesabu.

Tawi likaachia, akavutwa hadi nje, damu ikimtoka puani. Anneth alikuwa amelowa mpaka kifuani. Alimwambia ameteleza kwenye tope alipokuwa akimsaidia kutoka, na Elihuruma hakuuliza zaidi, kwa sababu wakati huo alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi anazishika kwa mikono miwili.

Jumamosi iliyofuata Anneth aliubeba ule mkanda wa risasi hadi sokoni, akaupima kwenye mizani ya Catherine, jirani yake muuza vitunguu. Kilo kumi na nne. Akarudi nyumbani, akamuuliza mumewe nani alimpangia uzito huo. Elihuruma alisema ndio uzito wa Pangani, na nyongeza kidogo ya suti. Anneth akaenda jikoni. Alichukua jagi la maji, akatumbukiza yai, likazama mpaka chini. Akakoroga nusu pakiti ya chumvi. Yai likapanda juu taratibu, likakaa.

"Baba Hope," alisema, "kule chumvi ilikuwa inakubeba. Huku hakuna wa kukubeba, na wewe umekuja na mzigo wa kule."

Elihuruma aliliangalia lile yai. Aliona aibu, na alifarijika. Kisha hofu ikarudi, maana mtu akishazoea mzigo, kuambiwa autue ni sawa na kuambiwa avue nguo mbele za watu.

Wakapatana kwamba kila kazi ataacha kitu kimoja nyumbani. Kioo kilikuwa rahisi. Tochi ya tatu haikuwa rahisi. Bwawani alipeleka mkono mahali pake, akakuta hapana kitu. Akabaki kwenye giza la tope akihesabu vidole vyake mpaka pumzi ikarudi. Hofu ilikuwa ile ile, ila sasa haikuwa na pa kushika. Kisu cha pili alidai amekiacha, kumbe alikificha ndani ya kiatu kwa miezi miwili, hadi Anneth alipokikuta akifua. Risasi zilipungua kipande kwa kipande. Suti ikabaki moja. Mwishowe jaketi nalo likaenda: fundi mmoja wa kuchomelea kule Engutoto alimkatia kibao cha chuma cha kukaa mgongoni, Anneth akakishonea mikanda ya viti vya lori, na nyuma yake wakafunga puto dogo la hewa. Mtungi mmoja, tochi moja, kisu kimoja, kilo sita. Mwezi wa nane alikuwa anateleza majini kama kambale, na bado kila asubuhi ya kazi hofu ilikuwa pale pale.

Kikabaki kitu kimoja, kamba. Rafiki yake wa Pangani alimwambia kwenye simu kwamba mzamiaji mwepesi hafungwi kama mbuzi. Kwa hiyo waliporudi Duluti kuitafuta tena ile mashine, Elihuruma alimwambia mkewe kwamba hii ni mara ya mwisho ya kamba. Anneth alisema sawa. Alisubiri mumewe ageukie maji, kama siku zote, ndipo akaenda kufunga ncha yake.

Safari hii Elihuruma alishuka polepole, akiogopa, lakini akiona. Lile tawi aliliona, akalipita. Mashine ilikuwa imelala kando yake, akaishika na kuanza kupanda. Akaibukia kwenye matete, hatua kumi kutoka pale alipoingilia, bila kelele yoyote.

Ndipo alipomwona. Kamba ilikuwa imelegea, na Anneth alikuwa anatazama ilipozamia. Haikufungwa mtini. Ilifungwa kiunoni mwake. Chini ya kamba, juu ya kanga, alikuwa amevaa mkanda mwingine wenye risasi zote alizozivua mumewe, ili safari hii asiburutwe majini kama ile ya kwanza. Filimbi ilikuwa mdomoni. Kisu cha pili kilichomekwa ubavuni, tochi mbili zilining'inia shingoni. Kamba ilipozidi kulegea alipiga hatua moja mbele, kwenye tope linaloteleza, kisha nyingine.

Kilo nane, na hajui kuogelea. Elihuruma hajawahi kuogopa vile, si kwenye bwawa lolote, si mwezi wa pili. Alijua akiita kwa nguvu mkewe atashtuka. Alijua asipoita atapiga hatua ya tatu.

"Mama Hope," alisema kwa sauti ya chini, kama wako mezani. "Niko huku. Usisogee. Kaa chini hapo hapo."

Anneth aligeuza kichwa tu. Akakaa, tope likamfikia kiunoni. Elihuruma alitambaa hadi kwake na kukishika kile kifungo cha mkanda, na vidole vikamteleza mara mbili kwa tope. Alimuuliza, tangu lini? Anneth akasema kamba amejifunga tangu siku ya kwanza. Hayo mengine kidogo kidogo, kila alipoacha kitu. Alisema mti hauwezi kujua mtu akivuta mara nne.

"Ungezama, Anneth."

"Wewe ulikuwa na mimi wa kukufundisha kukaa bila hivi," alisema. "Mimi nani amenifundisha?"

Elihuruma akajaribu tena. Kifungo kilifunguka mara ya tatu, mkanda ukaanguka kwenye tope, naye akausukuma mbali na maji kwa mguu. Kisu, tochi, vyote akavitoa. Alipofika kwenye filimbi Anneth aliing'ata. Akamwachia. Hiyo, walikubaliana, wangeivua mwezi ujao.