Mluzi Ambao Xavérine Hausikii

Saa tatu asubuhi. Katika kibanda kilichobanwa kati ya fundi cherehani na mgahawa huko Biryogo, Kigali, Xavérine Nizigama amefungua mgongo wa redio ya mbao iliyotengenezwa kabla binti yake hajazaliwa. Anagusa njia ya sauti kwa ncha ya bisibisi, kisha anaweka vidole viwili juu ya karatasi ya spika.

Karatasi inatetemeka.

"Hapa sauti iko inapita," anasema. "Basi ugonjwa uko upande wa antena."

Wapita njia hudhani vidole vile ni ufundi tu. Hadi mwezi uliopita, hata wateja wake hawakujua kwamba ni woga.

Xavérine, 59, anayejulikana mtaani kama Mama Armel, alikulia Buyenzi, Bujumbura, na kazi hii alifundishwa na kaka yake. Ndiyo iliyomlipia pango tangu ahamie Kigali. Mwaka jana akaanza kupoteza milio myembamba. Kengele ya baiskeli. Simu yake mwenyewe.

"Nilidhani simu imekufa. Niliifungua yote. Haikuwa na kitu."

Hakumwambia mtu. "Fundi wa redio asiyesikia! Nani atamletea kazi?"

Kisha ikaja redio ya Gahongayire, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Rebero. Mama yake haoni tena, na hujua saa za siku kwa vipindi vya redio. Waya wa antena ulikuwa umekatika ndani. Xavérine akatia waya mpya, vituo vikaingia vizuri, mteja akaondoka nayo.

Kesho yake akarudi.

"Mama Armel, inapiga mluzi. Mwembamba, unachoma! Mama anasema kichwa kinamuuma."

Xavérine akaiwasha. Alimsikia mtangazaji, basi.

"Si unausikia?"

"Nausikia," akadanganya.

Akabadilisha kipuri kimoja, kapasita iliyoonekana kukauka. "Umepungua?"

"Hapana. Uko vilevile."

Akasafisha kitufe cha sauti. Vilevile. Gahongayire akawa anamtazama yeye, si redio.

"Mama Armel, husikii?"

"Nilitaka kusingizia kelele za cherehani," Xavérine anakumbuka. "Lakini nikamfikiria yule bibi, kukaa kutwa na mluzi ule. Nikasema: dada, masikio yangu hayaufikii. Nisaidie."

Gahongayire akavuta stuli, akainamisha kichwa karibu na spika. Xavérine akaanza kusogeza waya mmoja mmoja kwa kijiti. Alipofika kwenye ule wa antena, alioutia mwenyewe, Gahongayire akainua mkono.

"Umenyamaza!"

Alikuwa ameupitisha karibu mno na waya wa spika. Sauti ilikuwa ikirudi kwenye antena na kuzunguka humo humo. Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa likipiga kelele mbele yake bila yeye kulisikia.

Akaufunga mbali kwa uzi. Gahongayire akaichukua redio, akaaga kwa maneno machache, akapanda moto, pikipiki ya abiria.

Siku zilizofuata Xavérine alingoja habari zienee na wateja wapotee. "Mtu akisimama mlangoni, najiambia, huyu amekuja kuchukua redio yake aipeleke kwingine."

Aliyesimama mlangoni alikuwa Rugamba, dereva, naye wa Rebero, akiwa na redio kwapani.

"Mwalimu ameniambia hapa mteja ndiye anasikiliza," alisema. "Nikae wapi?"

Wengine wamekuja tangu hapo. Wawili wamechukua redio zao na hawajarudi. Usiku hupata usingizi kwa shida.

Jumanne ana miadi ya kupimwa masikio. Anaogopa kuambiwa kwamba baada ya miluzi, sauti za watu ndizo zitakazofuata. Binti yake ameahidi kumsindikiza.

"Kama kuna kifaa cha kuvaa sikioni, nitakitafuta hata kwa kuchangiwa," anasema akirudisha betri mahali pake. "Nikikipata, kwanza nitakifungua nione kilivyo ndani. Halafu nitawasha redio zote za humu kwa pamoja, majirani wanisamehe."