Kerubo Alitaka Kujua Kama Ameelewa

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, hapa hapa karibu na Ikonge, nikiwa kidato cha nne. Ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho wa hesabu. Mwalimu wetu, Makori, alituita sote kwenye maabara, akafunga mlango, kisha akaanza kuandika majibu ubaoni. Alikuwa ameyapata mahali. Wapi, hakusema, nasi hatukuuliza.

Usimchukie haraka, mwanangu. Mwalimu Makori alitupenda. Shule yetu ilikuwa changa, matokeo ya mwaka uliotangulia yalikuwa mabaya, na wazazi walikuwa wameanza kunong'ona kwamba heri watoto wabaki nyumbani wachume chai. Aliogopa kwamba tukianguka tena, shule itafungwa. Hofu ya namna hiyo humsukuma mtu mwema kufanya jambo ambalo akiwa ametulia asingelifanya.

Wenzetu walianza kunakili, wengine mapajani, wengine viganjani. Binamu yangu Kerubo akasimama. Yeye ndiye aliyekuwa nyuma yetu sote katika hesabu, na mwaka mzima Mwalimu alikuwa akibaki naye jioni, akimrudia somo polepole.

"Mwalimu," akasema, "umenifundisha sana. Mimi nataka kujua kama nimeelewa."

Chaki ikasimama. "Keti, Kerubo. Nakuomba."

Hakuketi. Alifungua mlango akatoka, nami nikamfuata. Nisikudanganye kwamba nilikuwa shujaa. Niliona tu vibaya asimame peke yake kwenye umande.

Tulifanya mtihani kwa akili zetu. Kerubo alitoka akitabasamu, akaniambia kuna swali gumu alilolimaliza lote. Lakini majibu ya wenzetu yalifanana mno, mpaka makosa yao yakafanana. Matokeo ya shule nzima yakafutwa, yetu sisi wawili yakiwemo. Kerubo alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikajiuliza kutoka kwetu nje kulikuwa na faida gani.

Mwalimu alifukuzwa kazi. Badala ya kutoroka, alipita nyumba kwa nyumba akiomba msamaha. Alipofika kwa kina Kerubo, tulikuwa jikoni tukimsaidia mama yake kumenya ndizi. Alisimama mlangoni akasema alitaka tu kutusaidia.

Mama Kerubo aliweka kisu chini. "Mwalimu, najua ulitutakia mema. Lakini ulipoandika yale majibu, uliwaambia watoto kwamba hawawezi. Na huyu wangu alikuwa ameanza kuamini kwamba anaweza. Wewe mwenyewe ndiye uliyemfanya aamini."

Sikuwa nimewahi kumwona mwalimu akilia. Mama Kerubo alimvutia kigoda, akamwekea chakula. "Kula kwanza," akamwambia. "Kisha uwafundishe tena."

Akafundisha. Kila Jumapili alasiri, kwenye banda la kupimia chai likiwa tupu, alikuwa nasi. Wale walionakili wakaanza kuja mmoja mmoja, macho chini, naye akawasogezea nafasi waketi. Mwaka uliofuata tulirudia mtihani katika shule nyingine. Kerubo alipata C ya hesabu. C tu, mwanangu! Lakini ungemwona alivyokimbia mpaka kwa Mwalimu, akipiga kelele tangu barabarani, "Nimeelewa! Mwalimu, nimeelewa!" Mwalimu alicheka huku akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Nasikia siku hizi majibu huja kwa simu, na wapo walimu wanaoyagawa wakitabasamu. Nakuusia hivi: atakayekuletea majibu, hata kama anakupenda, amekukatia tamaa. Usikubali. Simama utoke, hata kama unaogopa. Na ukimwona mwenzako ametoka peke yake, mfuate. Huenda ukaumia pamoja na waliokosea, sitakuficha hilo. Ukiumia, njoo nyumbani. Hatutakuuliza umepata alama gani kabla hujala. Na anayekosea kisha akarudi kuomba msamaha, mfungulie mlango, hata akiwa mwalimu wako.

Nyasae, Mungu wetu, akutulize moyo siku ya mtihani wako, akukumbushe yale uliyoyasoma, na utakachokipata, kiwe kikubwa au kidogo, kiwe chako kweli.