Pua ya Mama Pindo

Wewe unayempeleka mzazi wako hospitali, nina ugomvi na wewe. Mnaingia kwa daktari, mgonjwa ni yeye, lakini kiti cha karibu na daktari unakalia wewe. Daktari akiuliza, "Usiku analala?" unajibu wewe, utadhani mnalala kitanda kimoja. Mzee wa watu anabaki anasoma kalenda ukutani. Mkitoka nje unajisifu eti umemhudumia. Ngoja nikusimulie alichofanyiwa bibi yangu, mama yake baba.

Bibi ni fundi cherehani, ana miaka sabini na sita. Ujanani alishona kiwandani, mashine arobaini zikinguruma ndani ya ukumbi mmoja, na zile mashine zilimla sikio la kushoto. La kulia linasikia, ila uongee karibu. Baadaye akafungua chumba chake cha kushonea, kati ya mchonga funguo na muuza mitungi ya gesi, na yuko hapo mpaka leo.

Wateja wanamwita Mama Pindo, kwa sababu kila nguo anayoshona anaiachia pindo la vidole vinne kwa ndani. Watu wanalalamika anapoteza kitambaa. "Ikitoboka utanitafuta," anawajibu. Na kweli inatoboka, wanarudi, anafumua pindo na kukata kiraka humo humo. Rangi ile ile, na kimefuliwa mara zile zile. Hukioni hata ukiinamia. Kiraka cha kununua dukani hataki hata kukisikia. Anasema kinakaa kwenye nguo kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Mwaka jana akatokewa na kidonda ubavu wa kushoto wa pua, pale miwani inapokanyaga. Akalaumu miwani. Akaifunga kitambaa, akapaka kidonda mafuta, akangoja. Miezi saba kidonda hakifungi, kinashuka kuelekea tundu la pua. Walipokipima wakasema ni saratani ya ngozi, ikatwe, na ikishakatwa pua itengenezwe.

Siku ya kuelezwa atatengenezwaje alikwenda na shangazi yangu, binti yake wa kwanza. Shangazi ndiye sikio la Bibi kwa miaka ishirini. Ofisini, msibani, kwa fundi bomba, yeye anasikiliza kisha anamnong'oneza mama yake sikio la kulia. Hakuna aliyewahi kuuliza kama anachonong'ona ndicho kilichosemwa. Sisi ni familia ya namna hiyo. Mmoja akishapewa kazi, tunalala.

Haya yafuatayo nimeyajua baadaye. Daktari alichora kwenye karatasi njia mbili. Ya kwanza, anachukua ngozi nyembamba nyuma ya sikio, anaibandika puani, siku moja imekwisha. Ila shimo lingekuwa na kina, na ngozi hiyo ingeweza kuzama na kujikunja. Ya pili, anachukua ngozi ya paji la uso, anaigeuza kuishusha puani, bila kuikata yote. Inabaki imeshikana huku juu karibu na nyusi ili ipate damu, wiki tatu, inaning'inia usoni kama kikonyo. Halafu anakata kikonyo, pua inabaki. Daktari alipendekeza ya pili. Yote hayo alimwambia Shangazi, kwa sababu Shangazi ndiye aliyekuwa kiti cha karibu. Bibi aliona kisogo cha mwanawe na kalamu inayocheza.

Shangazi akamgeukia. "Mama, kwa umri wako watatoa ngozi nyuma ya sikio. Siku moja tu."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

Bibi akasaini.

Ile ngozi ikazama. Tundu la pua likavutwa juu, na ubavu ukaingia ndani kama kikombe cha bati kilichodondoka. Miwani haikai. Inateleza mpaka mdomoni, na fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi wa nini? Bibi akaifunga kwa mpira wa kiunoni, ule wa sketi, ukazunguka kichwa. Hivyo hivyo akaanza kushona gauni la harusi la mtoto wa Shangazi. Mkono mmoja aliufumua mara tatu. Hakumlaumu mtu. "Daktari kafanya alichoweza," alikuwa anasema.

Mwezi wa pili baada ya upasuaji, siku ya kurudi kuangaliwa, Shangazi yuko mbio na ukumbi wa harusi, nikampeleka mimi. Na mimi kwa ujinga wa ukoo nikakalia kiti cha karibu. Sista wa vidonda akaniambia, "Kijana, hebu toka hapo." Akamkalisha Bibi, akainama sikio la kulia.

"Mama, mbona uliikataa ile ya paji? Daktari alisikitika sana."

"Ya paji ipi?"

Sista akafungua faili. Mchoro ulikuwa bado umebanwa mle, na chini yake imeandikwa kwamba mgonjwa amechagua njia fupi, kwa maelezo ya binti yake. Sista akamweleza upya, polepole, kidole juu ya karatasi.

Bibi akajigusa paji. "Inabaki imeshikana huku?"

"Wiki tatu, inywe damu."

"Kisha unakata."

"Kisha tunakata."

Bibi akapitisha kidole kwenye mchoro, kutoka paji mpaka puani. "Mwanangu, hilo ni pindo," akamwambia sista. "Mimi ningelikataaje pindo?"

Shangazi alikuja chumba cha kushonea siku iliyofuata kuangalia gauni. Bibi hakunyanyua mguu kwenye cherehani.

"Ulimwambia daktari nimekataa."

Shangazi akaniangalia mimi kwanza. "Nani kakwambia?"

"Faili."

"Mama, wakwe walikuwa wanakuja siku ya kumi baada ya upasuaji. Ungekaa nao vipi na mkonga usoni? Nilikuwa nakuhurumia. Watu wangekushangaa."

"Ulikuwa unanihurumia mimi, au wakwe?"

"Sasa mama, miaka sabini na sita, pua ya nini? Unatafuta mchumba?"

Kwa kawaida Bibi ndiye wa kwanza kucheka utani wa hivyo. Safari hii akasimamisha cherehani. "Pua ya kuwekea miwani," akasema. "Na bibi harusi alijua?"

Shangazi akaanza kunyoosha mkono wa gauni ambao haukuwa na mkunjo wowote. Tukapata jibu.

"Nilikuachia sikio langu," Bibi akasema. "Nikalala usingizi."

Akakanyaga tena cherehani. Gauni alilimaliza, na pindo la vidole vinne aliliacha kama kawaida. Kuna watu wangeliacha lile gauni bila vifungo. Mimi ningeliacha.

Tukarudi kwa daktari. Bibi kiti cha karibu, mimi nimesimama mlangoni. Daktari akasema bado inawezekana, atatoa kile kiraka cha zamani na kushusha ngozi ya paji. Nafasi zilikuwa mbili: Jumatatu inayofuata, au baada ya miezi miwili.

"Harusi ya mjukuu wangu ni Jumamosi, siku kumi na mbili baada ya hiyo Jumatatu," Bibi akasema.

"Basi tusubiri ipite."

"Nani kasema tusubiri? Jumatatu."

Akaenda harusini na bandeji kwenye paji na kikonyo cha ngozi kinashuka katikati ya macho. Akakaa mstari wa mbele. Mpiga picha akawa anamviziavizia upande wa kulia, Bibi akamwambia, "Piga kote, baba." Baba mkwe, ambaye kwa ajili yake Bibi aliibiwa pua, akavuta kiti, akauliza inafanywaje hiyo. Bibi akashika pindo la koti lake, akalikunja, akamwonyesha. Wakacheka wawili hao mpaka chakula kikapoa. Shangazi aliona yote kutoka meza ya pili.

Kikonyo kilikatwa. Pua imekuwa nene kidogo upande mmoja, na paji lina mstari. Miwani inakaa. Mpira wa sketi umerudi kwenye kopo la vifungo.

Shangazi anakuja kila Ijumaa na mfuko wa matunda. Anakaa, anaongea, mara nyingine analia. Bibi anamgeuzia sikio la kushoto, anaendelea kushona. Wiki iliyopita nikamwambia, "Bibi, shangazi anaomba msamaha."

"Naona midomo inacheza," akasema.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Safari ijayo ukimpeleka mzee wako, kile kiti cha karibu mwachie yeye. Wewe simama mlangoni. Daktari akikutazama wewe, mtazame mzee, na usijibu mpaka ajibu mwenyewe.