Krismasi Niliyoimalizia Jikoni

Nakumbuka Krismasi moja hapa hapa Kasoli, mwanangu, na kila Desemba mvua ikianza kupiga mabati naikumbuka upya. Kija, binti yangu, alikuwa na miaka sita. Aliniomba nimfanyie sherehe ya watoto, halafu akaniuliza swali moja tu: "Mama, na wewe utacheza?" Nikamwambia nitacheza nikimaliza kazi.

Wiki chache nyuma nilikuwa Mwanza kwa dada yangu, nikaona sherehe ya watoto wa mjini: keki, maputo, kila mtoto na kiti chake na sahani yake. Nikarudi nimevimba kichwa. Nikaandika majina ya watoto kumi na wawili, nikaandika na ratiba, saa ya kuimba, saa ya kula, saa ya kukata keki. Mama mkwe wangu, Mayu Minza, alikuwa amekaa mlangoni anachambua karanga. Akaniambia, "Mama Kija, hao wape sinia moja na uwanja. Watacheza wenyewe." Nikamjibu kwamba mambo siku hizi yamebadilika. Enzi hizo nilikuwa na mdomo, sikufichi.

Siku yenyewe niliwasha moto alfajiri. Pilau, kuku, chapati, soda ndani ya ndoo ya maji zipoe. Kija alikuja jikoni na gauni lake jipya ili nimtazame, nikamfukuza asije akalichafua kwa masizi. Akarudi mara ya pili, nikamfukuza tena. Hiyo ya pili inaniuma hadi leo.

Watoto wakaja baada ya ibada. Sasa wewe unajua huku kwetu, msichana wa miaka saba akienda popote, mdogo wake yuko mgongoni. Nkwimba, rafiki yake Kija, alikuja na mdogo wake kamfunga kwa khanga, na wasichana wengine watatu vivyo hivyo. Mimi na karatasi yangu mkononi nikaona vichwa vimezidi viti. Nikawaambia wawarudishe wadogo zao nyumbani kwanza, ndipo waje kula. Sikusema kwa ukali, lakini nilisema. Wakageuka wote wanne na hawakurudi.

Kija akaweka kijiko chini, akawafuata. Wengine nao wakatoka mmoja mmoja, kama mbuzi walioona uzio umetoboka. Nilipotoka jikoni nimebeba keki, viti vilikuwa vitupu.

Walikuwa nyuma ya nyumba, juu ya lile jabali tunaloanikia mtama wakati wa mavuno. Mayu Minza aliingia jikoni. Alipakua pilau kwenye sinia kubwa, akaongeza na michembe yake, vile viazi vitamu vya kukausha, aliyoichemsha kwa karanga, akaenda nayo huko. Watoto wakaizunguka, wale wadogo wakawekwa katikati. Baadaye nikasikia nyimbo na makofi, na bibi mzima na magoti yake mabovu anacheza nao. Nikasikia Kija anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu asubuhi.

Hatua thelathini tu, mwanangu, na sikwenda. Niliona aibu, nikanuna, nikaosha vyombo.

Jioni Mayu alirudisha sinia tupu. Akasema, "Mama Kija, watoto umewapikia vizuri sana. Ila hukuwapokea." Akaingia ndani kupumzika. Amekwisha kutangulia mbele ya haki sasa, na jinsi ninavyomkumbuka, natamani anikemee hata mara moja tena.

Kija ana watoto wake watatu, anakaa Dodoma. Krismasi iliyopita nilipiga simu, akapokea mjukuu wangu mkubwa. Nyuma yake nilisikia watoto wengi wanapiga kelele, nikafurahi. Nikamwuliza mama yenu yuko wapi. Akaniambia, "Yuko jikoni, bibi. Amesema tusimsumbue." Nilibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Kwa hiyo nakuambia wewe, na ukimwona Kija mfikishie. Ukitaka sherehe ya watoto isikutoe roho, pika chungu kimoja, na jirani akisema ataleta maharage usimkatalie. Ajaye na mdogo mgongoni mpokee, mwambie akae. Ratiba waachie wao, michezo wanaijua kuliko wewe. Mtoto akija kukuonyesha gauni, weka mwiko chini umtazame vizuri, mbele na nyuma. Usingoje kumaliza kazi ndipo ucheze naye, maana kazi za nyumba hazijawahi kuisha tangu nizaliwe, ila mtoto wa miaka sita mimi alinimalizikia.

Mungu akujalie nyumba yenye kelele za watoto, mwanangu, na wakikutafuta wakukute umo katikati yao.