Ukoko wa Mama

Juzi mdogo wangu Neema, niliyemlea tangu mama yetu afariki, alimpa mtoto wa jirani sahani yake yote ya wali. Nilipomwona, nilimkumbuka mama.

Siku moja, nikiwa mtoto, alikuwa akivuna mpunga shambani kwetu Idete, nami nikilinda chakula kibandani. Bibi mmoja nisiyemjua alikuwa akiokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Alipita amejishika kiuno.

"Shikamoo, bibi. Karibu chakula," nikasema, nikampa wali wangu wote.

Mama aliporudi alimkuta bibi analamba vidole, nami nimekaa mikono mitupu. Aliinamia sufuria akaanza kuikwangua, kwaru, kwaru, kisha akanisogezea ukoko uliokuwa ukinuka moshi. Nilijua nimemuudhi. Niliutafuna huku machozi yakinitoka, nikiamini ndiyo adhabu yangu.

Yeye alikunywa maji tu, akarudi kuvuna. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Mwanangu amekua." Nikadhani kesho nitapewa mundu.

Sikujua kwamba ukoko ule ndio uliokuwa chakula chake cha mchana. Nilikuja kulijua hilo nilipoacha shule na kuanza kuwapikia wadogo zangu, maana mpishi hupakulia wenzake kwanza, naye hubaki na ukoko.

Basi juzi nilikwangua sufuria, nikamsogezea Neema. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Dada, umenikasirikia?"

"Kula, mama," nikamwambia, nikajimiminia maji.