Kitanda cha Stoo ya Bado

Mwanangu, katika Nairobi hii hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliingia mji huu kwa miguu yangu nikitoka Maragoli, na viatu nimevishika mkononi visichakae. Leo nina karakana mbili za samani, moja Kangemi na nyingine Ngong Road karibu na Adams Arcade, na mafundi wanane wanaoniita Mzee ingawa mvi zangu bado za kuhesabika. Nimeshaona matajiri wakilia na maskini wakicheka. Nilijiona hivyo hivyo hata nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, kwamba kila kitu nimeshakijua, mpaka Jumamosi moja kitanda cha chuma kikanifundisha adabu. Kaa chini nikusimulie, kwa sababu naona na wewe umeanza kutembea na shingo ndefu kama niliyokuwa nayo mimi.

Ilikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya Uhuru. Wazungu wengi walikuwa wanahama kule Karen na sehemu zile za nyumba kubwa, na walipohama walitupa vitu ambavyo mtu wa Kangemi angeviweka sebuleni: birika, viti, masanduku, saa za ukutani. Malori yalikuja kuvimwaga bondeni nyuma yetu, ndani ya kile kijito, mpaka maji yakasahau njia yake. Basi watu wachache wa pale mtaani wakaungana kusafisha mto. Hakuna aliyewalipa. Kulikuwa na akina mama wa kanisani, kondakta mmoja wa basi, na Mzee Barasa, mpishi mstaafu mwenye mdomo mkali. Kiongozi wao alikuwa Mama Robai, mjane aliyeuza mboga, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya fundi wa mawe.

Wanasema siku ya kwanza walitaka kuchimba shimo wavifukie vile vitu vyote. Mama Robai akaokota birika moja matopeni, akaligeuza. Mtu akamwambia aliache, hilo limekwisha. Yeye akajibu neno moja tu, "Bado." Akaenda nalo nyumbani, likazibwa tundu, likachemsha chai. Toka hapo kila kitu kilichotoka mtoni kilikuwa bado. Wakapata chumba cha mabati, wakatengeneza vitu, wakaviuza kwa bei ya kutupa, na pesa zikanunua majembe, toroli na miche ya kupanda kando ya maji. Watu walipaita Stoo ya Bado.

Sasa, Stoo ile ilikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Kila kitu kilifungwa kikaratasi kwa kamba ya katani, na juu yake wameandika kasoro yake. Si sifa yake, kasoro yake. Saa hii inachelewa. Kiti hiki mguu mmoja mfupi. Na ukitaka kununua, unasimama mlangoni unasoma kile kikaratasi kwa sauti, watu wote wasikie, ili kesho usiseme hukuambiwa. Ukimaliza, waliopo wanaitikia, "Bado!" Ndipo unachukua mzigo wako.

Mimi desturi ile niliiona ya wajinga. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kununua samani kuukuu, kupaka rangi mahali palipooza, na kuiuza kama mpya. Mtu gani anatangaza ubovu wa mali yake? Lakini nikikwambia hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niichukie, nitakuwa nakudanganya, na leo sitaki. Sababu ni kwamba sikujua kusoma. Shule niliiacha kabla haijanishika. Mjini nilitembea na gazeti kwapani, limekunjwa vizuri, na hakuna aliyenishuku ila Mzee Barasa, ambaye kila akiniona aliuliza kwa upole mwingi, "Ezekia, hiyo gazeti ya mwezi jana inasema nini leo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda.

Hata Mumbua hakujua. Mumbua alikuwa msichana kutoka Machakos aliyefanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja mjini. Nilikuwa nampenda mpaka nilisahau kula. Jumapili tukikaa pamoja nilimpa gazeti anisomee, nikamwambia napenda sauti yake. Sauti nilikuwa naipenda kweli. Lakini unaelewa.

Basi ikafika habari kwamba baba yake, Mzee Kilonzo, anakuja Nairobi kumwona huyu kijana wa Magharibi anayetaka kumchukua binti yake. Wakati ule Mkamba kumpa binti Mluhya kama mimi halikuwa jambo la mchezo. Mzee angelala kwangu usiku mmoja, aone ninavyoishi. Nilikuwa na chumba kimoja, na nililala juu ya mkeka. Nikasema sitaaibika. Nikaenda Stoo ya Bado, kwa sababu nilishaona pale kitanda cha chuma chenye vichwa vya mbao iliyochongwa maua, kitanda cha bwana mkubwa kabisa.

Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja aliyetaka sufuria. Akapewa kikaratasi, akakirudisha akicheka, "Nisomee, mwanangu, mimi sikusoma." Akasomewa kwamba mpini umelegea, watu wakaitikia, akaenda zake na sufuria kichwani. Mwanangu, nilimwona kwa macho yangu. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi hivyo.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeshatikisa kile kitanda na kuona mguu mmoja unacheza, basi nikajua kasoro ndiyo hiyo, nini tena? Nikashika karatasi, nikakohoa kama karani wa korti, nikasema kwa sauti kubwa, "Kitanda. Mguu mmoja unacheza."

Hakuna aliyeitikia. Hata Mzee Barasa alinyamaza, na ukimya wake ndio ulionichoma zaidi. Mama Robai akanikaribia, akasema chinichini, "Ezekia, haijaandikwa hivyo. Kuja nikusomee."

"Mama, mimi nafanya kazi na watu wakubwa huko mjini. Sijakuja hapa shule."

Nikatumbukiza pesa kwenye mkebe wao, nikapakia kitanda kwenye mkokoteni, nikaondoka. Nilipofika kwenye kona nikamsikia ananiita nyuma yangu, "Ezekia! Maji moto! Maji moto!" Nikadhani ananibembeleza nirudi ninywe chai. Nikapunga mkono bila kugeuka, nikasema chai nitakunywa kwangu.

Mzee Kilonzo akaja. Mtu mrefu, mtaratibu, mwenye koti zito na maneno machache. Alikitazama kitanda, akapapasa yale maua, akasema ni kizuri. Nilivimba. Nikamtandikia godoro la kuazima, nikamwachia chumba, nikaenda kulala kwa jirani.

Asubuhi nilirudi na chai ya maziwa, Mumbua yuko nyuma yangu na mkate. Tukamkuta mzee amekaa nje juu ya kigoda, koti lake limegeuzwa ndani nje na kuanikwa kwenye waya, viatu vimelazwa juani. Shingo yake ilikuwa imejaa vivimbe. Nikamsalimu, nikamuuliza kama amelala. Akasema amelala kidogo. Kisha akauliza kile kitanda nilikinunua wapi.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema nilikinunua duka kubwa la mjini, kikiwa kipya kabisa.

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kikaratasi chenye kamba ya katani. Alikikuta chini ya godoro, mahali mimi nilipokisahau, kwa sababu kwangu karatasi zote zilikuwa sawa. Akaninyooshea. "Macho yangu imechoka na safari," akasema. "Nisomee."

Mumbua alikuwa amesimama begani kwangu. Nikaitazama karatasi, na zile herufi zikanitazama. Nikasoma, "Asante kwa kununua kwetu. Karibu tena."

Nilisikia Mumbua akivuta pumzi. Mzee Kilonzo akaichukua karatasi yake taratibu, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Kijana," akasema, "kunguni si neno. Kunguni tunamwagia maji moto, wanaisha. Lakini mtu anayesoma maneno ambayo hayajaandikwa, huyo nitamwagia nini?"

Akavaa viatu. Akaniambia siku nitakapoweza kumsomea ile karatasi jinsi ilivyoandikwa, nilete watu wangu tuongee. Kabla ya siku hiyo nisimsumbue binti yake. Nikawasindikiza mpaka kituo cha basi la Machakos, nikamlipia mzee nauli, na hata hilo alilikubali kwa heshima tu. Mumbua ndiye aliyeniumiza. Aliniangalia bila hasira, akasema, "Kumbe haikuwa sauti yangu."

Wiki ile sikupaka rangi hata kiti kimoja. Jumamosi nikashuka Stoo. Nilishajiandaa kuchekwa. Mama Robai alikuwa anapanga sahani, akaniuliza bila kuinua macho kama nilimwaga yale maji moto. Nikamwambia, "Mama, mimi sijui kusoma." Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Yalikuwa manne tu, na yalikuwa mazito kuliko kitanda.

Akanipa sepetu. "Mto kwanza," akasema.

Nikaingia mtoni na wenzangu, nikachota takataka mpaka mchana. Mzee Barasa alinipisha kando yake, na hakutaja gazeti. Baada ya kazi Mama Robai akanikalisha juu ya kreti, akaniwekea vikaratasi mapajani. Hivyo ndivyo nilivyosoma, mwanangu. Wewe umefundishwa kwa vitabu vyenye picha, mimi nilifundishwa kwa kasoro. Birika linavuja. Mwavuli huu haufunguki wote. Redio inakoroma. Kila Jumamosi mto kwanza, halafu karatasi. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu ni lile lililoandikwa mwisho wa kila kikaratasi, na nililitaja kwa kelele mpaka watu wakadhani nimeumwa na nyoka: bado. Miezi saba ikanitosha. Mama Robai alisema hajaona mtu mzima anayejifunza upesi kama mimi, na sioni sababu ya kubishana naye. Kile kitanda nacho nilikimwagia maji yanayochemka mara tatu na kukianika juani, kunguni wakaisha.

Nikaenda Machakos na mjomba wangu pamoja na Mzee Barasa, aliyevaa suti aliyoipata Stoo, yenye kifungo kimoja kisicho na wenzake. Mzee Kilonzo alituketisha, tukapewa maji ya kunawa, na kabla ya chakula akatoa ile karatasi mfukoni mwa lile koti. Alikuwa ameitunza. Mumbua alisimama mlangoni na mama yake. Nikaipokea, nikasoma:

"Kitanda cha chuma. Kina kunguni. Mwaga maji moto kwenye nyufa mara tatu, uanike juani. Bado."

Mzee akauliza lile neno la mwisho lina maana gani. Nikamweleza kuwa kwa watu wetu wa mtoni lina maana kwamba kitu hiki kasoro yake imesemwa, na hakijaisha, kinafaa.

Akawageukia ndugu zake waliokuwa wameketi naye. "Basi huyu kijana naye," akasema, "mwandikieni hivyo hivyo."

Mzee Barasa peke yake ndiye aliyeitikia, kwa sauti ya kanisani: "Bado!"

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo. Usiponiona Jumamosi karakana, nitafute mtoni, siku hizi mawe ya chini yanaonekana na ile miche imenipita urefu. Kwenye kila samani ninayouza nafunga kikaratasi cha kasoro kwa mkono wangu mwenyewe, na wateja hawajakimbia, wanaongezeka. Kasoro yako iseme wewe kwanza, mapema, kwa sauti, mbele ya watu wanaokutakia mema. Usichokijua, sema hukijui, kama yule bibi wa sufuria, uende zako na mzigo wako kichwani. Na mtu au kitu ukiambiwa kimekwisha, kigeuze mkononi kwanza, ukitazame vizuri. Mungu akupe watu wa kukuitikia siku utakayosoma kasoro yako mwenyewe, akupe nyumba yenye vicheko, na watoto wako wasione aibu kuuliza.

Kitanda kile bado kiko nyumbani kwangu, na Mzee Kilonzo akija Nairobi hakubali kulala kingine. Mumbua ananisomea gazeti kila Jumapili, ingawa naweza kulisoma mwenyewe. Nikijumlisha kitanda, nauli ya mzee ya kurudi Machakos, makaa ya kuchemshia maji, na daftari na penseli, somo lile zima lilinigharimu shilingi ishirini na moja na senti thelathini.